Miguu Isiyofika Msikitini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tunaanza makala haya kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika madrasa tunayosomesha, huku mwambao wa mkoa wa Tanga, yupo mwanafunzi wa kike wa miaka 12 ambaye kila Jumamosi na Jumapili alikuwa akifika darsa likiwa limekwisha nusu. Tulimwonya mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu tulimsimamisha mbele ya wenzake tukamfanya mfano wa uvivu. Hakujibu neno. Wiki iliyofuata hakuja kabisa, na ya pili yake pia hakuja. Hapo ndipo tulipofunga safari kwenda kwao, tukiwa tumejiandaa kumlaumu mlezi wake.

Tulimkuta bibi yake ameketi barazani, anasuka ukili, mguu wa kushoto umefunikwa kwa kipande cha kanga. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Karibu maalim. Nisamehe, siwezi kuinuka kukupokea." Alikuwa ametoka katika homa ya siku kumi. Mguu ule una matende ya miaka mingi: umevimba kuanzia vidoleni hadi karibu na goti, ngozi imekuwa ngumu yenye mikunjo, na katikati ya vidole mna nyufa zinazotoa maji. Mjukuu ndiye anayeteka maji kisimani, ndiye anayepika, na ndiye anayetembeza vitumbua asubuhi ili nyumba ile ipate unga wa jioni. Huo ndio uvivu tuliomwaibishia.

Tulimuuliza bibi kwa nini hatumwoni tena katika darsa la akina mama. Alikaa kimya kidogo, akajibu, "Mwaka wa nne huu sijaingia msikitini, maalim. Nikikaa, wenzangu wanasogea."

Ramadhani iliyotangulia watu wa kheri walimletea mchele, sukari na tende, wakapiga naye picha mlangoni, wakaenda zao. Bibi alishukuru, na sisi tunawaombea waliotoa malipo mema. Lakini siku tuliyoingia katika nyumba ile hapakuwa na kipande cha sabuni. Jambo hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Ugonjwa na chanzo chake

Matende huletwa na minyoo myembamba mithili ya uzi. Mbu huchukua vijiminyoo vichanga katika damu ya mtu mmoja na kuviambukiza kwa mwingine. Minyoo iliyokomaa hukaa ndani ya mwili kwa miaka 6 hadi 8, katika mishipa midogo inayopitisha maji ya mwili, na huiharibu mishipa hiyo. Maji yakikosa njia hutuama, na mguu huvimba. Kwa wanaume huweza kuwa mabusha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja ugonjwa huu katika Al-Qanun fi al-Tibb kwa jina la daa'ul-fil, yaani ugonjwa wa tembo. Mwaka 1877 tabibu Patrick Manson, akiwa China, alionyesha kuwa minyoo hii hukua ndani ya mbu.

Tunayataja haya kwa sababu bado wamo miongoni mwetu wanaosema kuwa mwenye matende amekanyaga uchawi uliotegwa njiani, au kwamba ni mkono wa jirani mwenye husuda. Itikadi hii si makosa ya ulimi tu. Humpeleka mgonjwa kwa mganga, na mganga humchanja chale mguu uleule uliokwisha kudhoofika. Kila chale ni mlango mpya wa vijidudu. Aidha, hupanda uadui baina ya majirani, na humfanya mgonjwa aonekane kuwa na siri mbaya anayoificha. Sisi tunaojinasibu na kuitakasa itikadi ya Waislamu tuna wajibu wa kulisema hili juu ya mimbari bila ya kuzunguka.

Kampeni inafungwa, mguu unabaki

Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuutokomeza ugonjwa huu. Mpango wa dunia nzima ulianza mwaka 2000, na mwaka huohuo Tanzania ikaanza kugawa dawa kisiwani Mafia. Mwaka 2001 ilifuata Unguja na Pemba, na mkoa wa Tanga ukafikiwa mwaka 2004. Dawa zile, ivermektini na albendazoli, zilitolewa bure na watengenezaji wake. Hatuna budi kukiri kuwa uvumi kwamba ni dawa za kukata uzazi ulipita pia katika baraza zetu, na kwamba wapo waliozificha chini ya ulimi kisha wakazitema.

Pamoja na hayo, kazi ilifanyika. Katika wilaya nyingi maambukizi yameshuka kiasi cha kusimamishwa ugawaji. Misri na Togo mwaka 2017, Yemen mwaka 2019 na Malawi mwaka 2020 zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Ni neema inayostahiki kushukuriwa.

Lakini hapa ndipo penye jambo letu. Dawa zile huondoa vijiminyoo katika damu ili mbu asipate cha kubeba. Hazirudishi mguu uliokwisha kuharibika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 15 duniani wana uvimbe huu, na wanaume milioni 25 wana mabusha. Mabusha yana upasuaji. Mwenye matende anahitaji kutunzwa maisha yake yote. Kampeni ikifungwa, magari yataondoka, mabango yatashushwa, na bibi atabaki barazani na kanga yake juu ya mguu. Tunachelea kwamba ushindi dhidi ya minyoo utakuwa ndio mwanzo wa kusahauliwa kwa wagonjwa, kwani ugonjwa uliotangazwa kuwa umekwisha hauna tena mfadhili.

Kuosha ni tiba

Kinachomlaza mgonjwa kitandani mara nyingi si uvimbe wenyewe, bali ni homa kali ya vipindi inayoambatana na maumivu ya mguu na mitoki. Homa hiyo husababishwa na vijidudu vinavyoingia kupitia nyufa za ngozi, hususan baina ya vidole. Kila homa ikija huuacha mguu mbaya zaidi kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo ulinzi wake ni huu: kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto, kuukausha kwa kitambaa laini, hasa katikati ya vidole, kutia dawa penye nyufa, kuuinua mguu wakati wa kukaa na kulala, kuchezesha kifundo cha mguu mara kwa mara, na kuvaa kiatu kipana kisichobana. Homa ikipanda, mgonjwa hupumzika, asitembee wala kufanya mazoezi, na apelekwe zahanati. Anayeshikamana na mambo haya homa humpungua, harufu humwondoka na ngozi hulainika.

Ndugu msomaji, umeona sisi tumeagizwa nini katika udhu? Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa kutoka kwa Laqit bin Sabira (R.A.), aliamrisha kupitisha maji baina ya vidole. Na aliwakemea vikali walioacha visigino vyao bila ya kufikiwa na maji. Hatusemi kuwa udhu pekee huponya matende. Tunachosema ni kuwa hakuna watu waliofunzwa kuosha miguu tangu utotoni kuliko sisi, na hakuna jengo kijijini lenye maji, mahali pa kukalia na watu wanaokuja mara tano kwa siku kuliko msikiti. Nusu ya kinachohitajika tayari tunacho. Kilichokosekana ni kumfikia asiyeweza kutufikia.

Aidha, tumekuta wagonjwa wanaoogopa maji, na wengine wameacha udhu miaka mingi wakitayamamu, kwa kudhani kuwa maji ndiyo yanayouvimbisha mguu. Tayamamu ni ruhusa kwa ambaye maji yatamdhuru, na jeraha lililofungwa lina hukumu zake zinazojulikana katika vitabu vya fiqhi. Lakini katika maradhi haya maji na sabuni ndiyo tiba. Hivyo basi, mgonjwa amuulize tabibu muaminifu. Asipokatazwa kwa sababu maalumu, arejee kwenye maji. Ni wajibu wa walimu kulibainisha hili majumbani, kwa kuwa wenye kulihitaji hawahudhurii darsa.

Hoja ya kitunguu saumu

Ipo hoja tuliyoisikia kwa mtu wa elimu, na si haki kuipita kimya. Alisema: Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asikaribie msikiti, ili asiwaudhi watu na Malaika, na mwenye kidonda kinachonuka ni hukumu ileile kwa qiyasi, basi na abaki nyumbani.

Tunakubali kuwa wanazuoni walilizungumza jambo hili, na wapo waliomjumuisha mwenye harufu ya maradhi katika wenye udhuru wa kuacha jamaa. Lakini tuangalie vizuri. Mla kitunguu saumu alikula kwa hiari yake, na kesho asipokula atarejea safu ya mbele. Mgonjwa hakuchagua, na kesho yake ni kama leo. Udhuru umewekwa ili kumwepushia dhambi na uzito. Ni ruhusa iliyo mkononi mwake, si rungu lililo mkononi mwetu. Zaidi ya hayo, harufu ile ina dawa, na dawa yake ni sabuni, kitambaa kikavu na mkono wa kumsaidia. Jamaa inayomwambia ndugu yao abaki nyumbani, ilhali ina uwezo wa kuiondoa sababu ya kubaki kwake, imeshika nusu ya hukumu na kuitupa nusu.

Wala tusisahau mwenendo wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alikuwapo mtu aliyekuwa akifagia msikiti. Alipokosekana, Mtume aliuliza habari zake. Akaambiwa amefariki, na kwamba watu hawakuona haja ya kumjulisha. Aliuliza lilipo kaburi, akaenda kumsalia. Basi sisi tunajua jina la kila anayechelewesha mchango wa ujenzi. Je, tunajua ni nani aliyekosekana safuni tangu mwaka jana?

Na Masahaba walipocheka kwa kuona wembamba wa miundi ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliwafahamisha kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Kama mguu mwembamba uliochekwa na watu una uzito huo mbele ya Mwenyezi Mungu, ni nani kati yetu atakayethubutu kuudharau mguu uliovimba wa mja mwenye kusubiri?

Sadaka ya siku na sadaka ya kila siku

Sasa tuje kwenye utoaji. Hatupingi mfuko wa Ramadhani. Mwenye njaa hulishwa. Lakini mchele huliwa wiki mbili, na mguu huoshwa kila siku. Familia yenye mgonjwa wa matende haikuwa masikini kwa siku moja. Mvuvi ameacha bahari kwa kuwa mguu hauingii tena ngalawani, mkewe ameacha shamba ili amuuguze, na mtoto ameacha darasa ili atafute riziki. Msaada unaokuja mara moja kwa mwaka haugusi mzunguko huo. Na picha za mlangoni tunazichukia kwa sababu nyingine pia: mgonjwa huyu huficha mguu wake hata kwa jirani, nasi tunautangaza kwa watu asiowajua ili mfadhili aridhike.

Tunapendekeza kila msikiti ufanye mambo yafuatayo.

Kwanza, imamu na walimu waorodheshe nyumba zenye wagonjwa katika mtaa wao, kwa siri na kwa heshima, na wanawake watumwe kwa wanawake. Hakuna msikiti wetu ambao orodha hiyo itaushinda.

Pili, aombwe muuguzi wa zahanati awafundishe vijana wawili au watatu na akina mama wawili au watatu namna ya kuosha na kutunza mguu. Wao waende majumbani mara moja kwa wiki, si kumwoshea mgonjwa daima, bali kumfundisha yeye na jamaa zake, na kutazama kama mambo yanakwenda.

Tatu, kila nyumba ipatiwe beseni, sabuni isiyokatika, vitambaa viwili safi na dawa ya nyufa kadiri muuguzi atakavyoelekeza. Kiatu kisitafutwe dukani, kwani hakipo. Fundi wa makubazi hushona kwa kipimo. Mguu ukipimwa nyumbani, atakata soli pana na kanda za kufungua na kufunga.

Nne, fedha. Mgonjwa aliye fakiri au masikini ni miongoni mwa wanaostahiki Zaka, na Zaka yake apewe mkononi mwake aimiliki, aitumie apendavyo. Sabuni, mabeseni na nauli za wanaotembelea tunaona zitokane na sadaka za kawaida, ili haki yake isipunguzwe kwa gharama za kumhudumia. Na lililo bora zaidi ni wakfu. Wazee wetu wa mwambao waliweka wakfu minazi kwa ajili ya taa na mikeka ya misikiti. Ni lipi linalotuzuia kuweka wakfu minazi michache ambayo mavuno yake yatanunua sabuni ya wagonjwa, mwaka baada ya mwaka, tukiwa hai na tukiwa makaburini?

Tano, tujitazame wenyewe. Mmoja wa mbu wanaoeneza ugonjwa huu, mwenye kushamiri mijini, huzaliana katika maji machafu yaliyotuama: mashimo ya vyoo, mitaro na makaro. Je, maji ya udhu wa msikiti wako yanakwenda wapi? Tumeona misikiti yenye marumaru ndani, na nyuma yake shimo lililo wazi linalotoa mbu kila magharibi. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya mashimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea. Zilitanda juu ya maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Na pamoja na dawa walizopewa watu, maambukizi yakashuka sana. Kufunika shimo la msikiti hakuhitaji mfadhili kutoka nje.

Huenda mtu akasema: hii ni kazi ya serikali. Ndiyo, ni kazi ya serikali, na tuidai. Zahanati ziwe na dawa na wahudumu waliofundishwa, na wenye mabusha wapasuliwe. Lakini hakuna serikali duniani itakayoingia kila nyumba kila jioni kuuliza kama mguu umekaushwa. Hiyo ni kazi ya jirani, na Mwenyezi Mungu ataiuliza kwa jirani. Na atakayesema kuwa wagonjwa wenyewe ni wachache, tunamjibu: basi kazi ni nyepesi, na udhuru wetu ni mdogo zaidi.

Tamati

Ni miezi minane sasa tangu tuliporudi katika nyumba ile tukiwa na muuguzi, beseni na sabuni. Hatutatia chumvi. Mguu wa bibi haujawa kama mwenzake, wala haukutarajiwa kuwa hivyo. Lakini nyufa zimefunga, na homa iliyokuwa ikimrudia kila mwezi imemjia mara moja tu. Ana makubazi yake aliyoshonewa. Akina mama wawili humpitia kila Alhamisi, na mmoja wao hununua ukili wake kwa bei ya haki. Tangu mwezi uliopita anahudhuria darsa. Tulimwona ameketi karibu na mlango, na hakuna aliyesogea.

Ama mjukuu wake, tulimsimamisha tena mbele ya wenzake, safari hii tukamwomba radhi sisi. Aliinamisha macho akasema, "Nimesamehe, maalim." Sasa anawahi darsa. Lakini tangu siku ile kila tunapoita majina na mmoja asiitike, hatuandiki utoro kabla ya kwenda kwao kuuliza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awalipe subira yao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomtafuta aliyekosekana. Wabillahi tawfiq.